Ngozi ya Mtihani

9 Januari

Mpwa wangu Profesa,

Zipokee salamu zangu, na zikikuishia sema nikuongezee. Sisi huku wote wazima, ukiwatoa walio wagonjwa. Mgongo wangu haujambo ila hautaki kuinama, na kazi yangu ni ya kuinama kwenye mapipa kutwa, basi tunagombana kama mke na mume. Tajiri mwenye kiwanda ameweka meno mapya, sasa anacheka hata msibani ili yaonekane. Mkwe wako, yule fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, hanisalimii tangu niseme suruali aliyonishonea ingemfaa zaidi punda. Usimwambie mkeo kwamba nimemtukana mama yake. Au mwambie, acheke kidogo.

Usiniulize kwa nini sipigi simu. Simu ilinitumbukia kwenye pipa la kromu, ile dawa ya kulainishia ngozi. Imetoka laini kweli, lakini haisemi. Tena nani anunue stempu wakati kila boksi la sampuli linaloondoka hapa linafunguliwa na wewe, huko Ulaya, kwenye hiyo ofisi yako ya usalama wa bidhaa, ya kampuni inayonunua viatu vyetu? Barua naiweka juu, ngozi chini. Wakubwa zako wakiuliza, waambie ni maelezo ya matumizi.

Basi humo ndani kuna vipande vya kupimwa kwa ajili ya ule mzigo mkubwa wa viatu vya watoto. Na chini kabisa, ndani ya soksi yangu (safi, usikunje uso), kuna viatu vyekundu vya kufunika vifundo, vya mjukuu wangu, huyo ninayemwita Mkaguzi kwa sababu ulisema kila kitu lazima akipitishe mdomoni kwanza kabla hajakiruhusu kikae nyumbani kwenu. Nimevishona kwa mikono yangu hii. Avivae akianza kusimama.

Mjomba wako, ambaye bado ana meno yake ya zamani, yaliyobaki.


2 Februari

Mpendwa mjomba,

Shikamoo. Boksi limefika salama, na soksi pia. Mke wangu amecheka sana habari ya suruali, akasema mama yake naye alimpigia kulalamika kwamba unapimwa huku umevuta tumbo ndani.

Mkaguzi amesimama! Anashika ukingo wa kochi, anapiga hatua mbili, anakaa. Viatu vimemkaa kama amezaliwa navyo. Vikivuliwa analia, hata kulala anataka alale navyo. Jioni mke wangu alimpiga picha, nimeibandika kazini juu ya meza yangu.

Sampuli zimefaulu. Unajua kanuni za huku: kromu mnayolowekea ngozi ni mpole, lakini ngozi ikikaushwa kwa pupa juu ya moto, upole unaisha, inageuka kuwa ile kali inayochoma ngozi ya mtu. Hiyo kali sheria inaruhusu sehemu tatu tu katika milioni. Zenu hazikuwa nayo kabisa. Ninachotakiwa kufanya ni kutia sahihi kwamba ngozi iliyopimwa na ngozi ya mzigo ni moja. Natumaini ni moja, mjomba. Nauliza tu kwa sababu fomu inanitaka niulize.

Nakuheshimu daima,
Mpwa wako.


20 Februari

Profesa,

Marahaba, marahaba, na moja ya akiba. Huku hatujambo. Fundi cherehani amenisalimia, lakini nadhani alikuwa anamsalimia mtu nyuma yangu.

Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya kucheka. Umekulia uani kwangu. Mama yako, Mungu amrehemu, alipotuacha, meno uliyaotesha kwa kutafuna vipande vya ngozi chini ya meza yangu ya kukatia. Leo unaniuliza kama ngozi ni moja! Fomu imekutaka uulize. Fomu ikikutaka ubweke je?

Ngozi ya mtihani unaijua. Inalala kwenye magome ya miti hadi inasahau kwamba ilikuwa ng'ombe. Inatoka kahawia, kavu, ngumu, inanuka kama kwapa la mpiga zege. Haina kosa hata moja, na haina mnunuzi hata mmoja. Ndiyo maana tunaipeleka shule. Nyingine tunaiacha ifanye kazi. Umewahi kuona Tajiri akisubiri magome? Tajiri anataka ngozi iingie pipani leo, kesho iwe juu ya tanuri, keshokutwa iwe kwenye kontena.

Na hiyo kromu yenu kali mimi naishika tangu hujazaliwa. Viganja vyangu vina mashimo ya kupandia maharage, usiku vinawasha kama nimeshika upupu, na bado sijafa. Watu wa huko ngozi zao zimetengenezwa kwa karatasi au?

Tia sahihi yako, mwanangu. Mwandiko wako ni mzuri.

Mjomba.


21 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Tafadhali usiandike tena mambo kama yale. Barua yako nimeichana.

Mtoto anaumwa. Miguu yake imevimba, ngozi imetoka malengelenge na kuchubuka kuanzia vidole hadi juu ya vifundo. Tuko hospitali. Hapati usingizi.

Nina swali moja, nijibu hilo tu. Vile viatu vyekundu ulivikata kwenye ngozi ipi?

Mpwa wako.


8 Aprili

Profesa wangu,

Pole sana. Pole kwako, pole kwa mama yake, na kwa Mkaguzi mwenyewe pole kubwa kuliko zote. Watoto ndivyo walivyo. Wewe ulipokuwa wa umri wake ulitoka vipele mwili mzima, tukadhani ni tetekuwanga, kumbe ni siafu. Mpakeni mafuta. Mwacheni miguu wazi, hewa ipite.

Habari za huku ni nzuri. Kontena liliondoka, na wanunuzi wenu wameagiza lingine kubwa zaidi, viatu vilevile, rangi tatu. Tajiri amefurahi hadi amenunua kiti chenye magurudumu, anajisukuma uani kama mtoto, juzi amekwama kwenye mfereji wa maji machafu tukamvuta kwa kamba. Nilitaka nimwache hapo hadi jioni. Kwenye mapipa wameongezwa watu wawili, mmoja hajui kushika koleo, mwingine hajui kunyamaza.

Magome yamekuwa adimu. Miti mingi imekatwa.

Nimekujibu, au siyo?

Mjomba wako akupendaye.


30 Aprili

Mjomba,

Hukunijibu, kwa hiyo nimejijibu mwenyewe. Nimekata ulimi wa kiatu cha kushoto, nikauingiza maabara kwa jina la bidhaa nyingine. Siwezi kurudia, maana mashine zetu zinakumbuka kila kinachoingia na aliyekiingiza. Majibu yamezidi kiwango mara nyingi kiasi kwamba fundi wa maabara alinipigia kuuliza kama nimekosea kuandika.

Nilijua mna ngozi mbili. Sawa, nilijua, sikatai. Lakini sikuwaza hata siku moja kwamba mtoto wa nyumbani ungempa ile mbaya. Nilimvalisha bila wasiwasi wowote. Nilimfunga kamba mimi mwenyewe, kila asubuhi. Kwa nini, mjomba?

Mtoto yuko nyumbani na mimi. Mama yake amechoka, amekwenda kupumzika kwa rafiki yake.

Mpwa wako.


17 Mei

Profesa,

Safari hii umesahau kuniamkia. Marahaba hivyohivyo.

Umeuliza kwa nini. Kwa sababu ngozi ya mtihani ni mbaya! Haikunji, haing'ai, haishiki rangi nyekundu hata uibembeleze. Ningemshonea Mkaguzi viatu vya ngozi ile angetembea kama amefungwa mbao. Nilimchagulia kipande cha tumboni, laini kuliko vyote tulivyotoa mwaka huu. Nikakitia rangi mara mbili. Nikakikausha juu ya tanuri mwenyewe, nikikigeuza kwa mkono, ili kiwahi boksi lako. Kibaya nikawapa wapimaji, kizuri nikampa wa kwetu. Wewe ulitaka nifanye kinyume? Zawadi gani hiyo? Na hizo kanuni zenu, nani alijua kwamba zinasema kweli? Mimi nilidhani ni maringo ya watu wenye muda mwingi.

Haya, yangu nimesema. Sasa yako.

Jana alikuja mkwe wako. Nikajua ameleta suruali. Amesimama mlangoni, kiganja puani.

"Wewe mzee, vile viatu ulivyompelekea mjukuu wangu vina nini?"

"Vina soli na kamba," nikamwambia. "Na upendo, kama umewahi kuusikia."

"Binti yangu haruhusiwi kulala nyumba moja na mtoto wake. Unanisikia? Anaonyeshwa mtoto mara mbili kwa wiki, na mtu wa serikali amekaa katikati yao anaandika."

Nikaacha koleo. Akaendelea. Akasema kuna mstari kwenye vifundo vya mtoto, umezunguka sawasawa, miguu yote miwili, kama mtu amepima kwa rula. Madaktari wameuona mstari wakasema huyu ametumbukizwa kwenye maji ya moto. Mama ndiye anayeshinda naye nyumbani, basi ni mama.

"Yeye anawaambia ni viatu," akasema. "Kuanzia siku ya kwanza anasema ni viatu. Mumewe akaleta cheti, akakiweka mezani mbele ya daktari. Viatu vimepimwa, ni salama. Chini kuna sahihi yake mwenyewe."

Unajua nilimjibu nini, Profesa? Nilimwambia, "Basi binti yako kamchemsha mtoto. Cheti hakidanganyi." Kiwanda kizima kilisikia. Yule asiyejua kunyamaza alinyamaza.

Nilimngoja alie nipate cha kumcheka. Hakulia. Akanitazama kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukata, akageuka akaenda zake.

Ulisema mkeo amekwenda kupumzika. Anapumzika vizuri?

Mjomba.


6 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Hunihukumu wewe. Mtu aliyevikausha juu ya tanuri hanihukumu mimi.

Fikiri kidogo kabla ya kucheka. Nikisema ni viatu, nimesema sahihi yangu ni ya uongo. Viatu vya ngozi ileile viko madukani hapa, vimejaa, na kila kimoja kimepita chini ya mkono wangu. Nitafukuzwa, na huenda nikafungwa. Kiwanda kitafungwa siku hiyohiyo, na Tajiri hatasema alikutuma, atasema uliamua mwenyewe. Tutakuwa tumeangamia wote. Mke wangu yeye hana kosa, kwa hiyo hawatapata ushahidi, watachoka, watamwachia. Ni kuvumilia tu. Yeye ni mvumilivu kuliko sisi.

Sasa kuna jambo. Wakili aliyepewa mke wangu ameng'ang'ania, na hospitali wanataka viatu vyenyewe wavipeleke kwenye maabara yao. Vile vya kwanza nimeshaviondoa. Nimewaambia nitavitafuta.

Nishonee vingine, vyekundu, kipimo kilekile, mshono uleule, lakini kwa ngozi ya magome. Ikikataa rangi, ipake mara tano. Ikiwa ngumu, ipake mafuta uipigepige. Vichakaze kwenye ncha na visigino, vionekane mtoto ametembea navyo. Vitume kwa njia ya haraka, nyumbani kwangu, si ofisini.

Ulinilea. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa.

Mpwa wako.


25 Juni

Mpwa wangu,

Kazi yako hii hapa. Nadhani utaipenda. Rangi imekubali baada ya kutukanwa sana. Mafuta nimepaka, nikaipiga ngozi kwa nyundo ya mbao hadi mkono ukafa ganzi. Ncha nimezisugua kwenye saruji, visigino nikavikanyagia mavumbi ya uani. Ukivitazama utadhani Mkaguzi amevuka navyo nusu ya dunia.

Kwa vile ulisema mashine zenu zinakumbuka, usijisumbue kuvipima tena ukajiachia alama. Vikabidhi kama vilivyo. Nimekaa na ngozi maisha yangu yote. Niamini.

Huku salama. Tajiri anakusalimu. Fundi cherehani anapita ng'ambo, haangalii upande huu.

Vidole vya yule mtoto vinaendeleaje? Anasimama?

Mjomba.


14 Julai

Mjomba,

Shikamoo na asante. Umefanya kazi ya hali ya juu. Nilipovitoa kwenye karatasi hata mimi nilishtuka, nikadhani vile vya kwanza vimerudi. Nimevikabidhi leo asubuhi. Mhudumu amevifunga mbele yangu kwenye mfuko, tukatia sahihi wote wawili kwamba ndivyo mtoto alivyovivaa.

Niseme wazi mambo mawili ili tusisumbuane.

La kwanza, nimependekeza kampuni isinunue tena kwenu. Nimeandika kwamba ubora umeshuka. Kwa njia hiyo ukaguzi ukija siku moja, mimi ndiye niliyetoa tahadhari. Kontena la pili halitapokelewa. Tajiri ataambiwa wiki ijayo, nawe usiseme umesikia kwangu. Najua ni riziki yako, lakini umri wako ni wa kupumzika.

La pili, wakili wangu anasema viatu vikionekana safi, mtoto atapewa mimi moja kwa moja. Nilidhani watamwachia mama yake, lakini mambo yamefika huku, na pengine ni heri. Katika miezi hii amekuwa mtu mwingine. Juzi mbele ya mtu wa serikali alinipigia kelele kwamba mimi najua. Wameandika kwamba ana hasira zisizodhibitika. Atarudi huko kwa mama yake, cherehani ipo. Mtamtazama.

Mtoto bado hakanyagi. Ukimsimamisha anakunja miguu.

Usinitumie barua kupitia boksi. Maboksi hayatakuwepo.

Mpwa wako.


2 Agosti

Profesa,

Marahaba. Salamu za huku zimepungua kwa sababu watu wamepungua. Tajiri alipata habari zenu Jumatatu, Jumanne akafunga geti, Jumatano tukasikia ameondoka na meno yake yote. Mapipa yamebaki yamejaa. Yule asiyejua kunyamaza ameuliza nani atayamwaga. Nikamwambia ayanywe.

Barua yako imefika. Imeniambia mambo ambayo sikuyajua, ila haikubadilisha kitu, kwa sababu viatu vilikuwa vimeshaondoka mkononi mwangu siku nyingi. Kwa hiyo usije ukadhani nimekulipiza kwa ajili ya kiwanda. Kiwanda kile kilistahili kufungwa tangu ukiwa unatambaa.

Nikueleze kazi ilivyokuwa. Nilianza kwa uaminifu kabisa, kwa ngozi ya magome kama ulivyoagiza. Nilikata, nikashona, nikapaka rangi. Nilikuwa napiga mluzi! Kudanganya wapimaji ni kazi yangu, na mimi ni fundi mzuri. Nikafika kwenye ncha. Nimekishika kiatu, kinakaa kwenye kiganja kama ndege, nakisugua kwenye saruji ili kionekane kimetembelewa na mtoto ambaye hatembei. Nikasugua mara moja. Mara ya pili mkono ukagoma. Sikulia, usinipakazie. Nilikasirika tu, kama mtu aliyeambiwa afanye kazi ya kijinga.

Nikavitupa vile motoni. Nikaenda kwenye pipa la kromu, nikachukua kipande cha tumbo, ndugu kabisa wa kile cha kwanza. Nikakikausha juu ya tanuri hadi kikaanza kutoa moshi. Nikakirudisha, nikakitoa, nikakirudisha tena. Katika maisha yangu sijawahi kukausha ngozi vibaya namna ile kwa makusudi, na nimekausha nyingi vibaya kwa bahati mbaya. Kisha nikashona vizuri, nikapaka mafuta, nikasugua ncha huku nakucheka, nikakuandikia uniamini.

Ndivyo ulivyovikabidhi kwa mkono wako. Ndivyo ulivyotilia sahihi kwamba ndivyo mtoto alivyovivaa. Mashine ya hospitali itasema, na haitanong'ona. Watamwacha mama wa watu. Halafu watauliza viatu vilikuwa na cheti cha nani, na cheti unacho wewe, ulikileta mwenyewe mezani bila kuombwa. Na vile vingine vilivyo madukani vitaondolewa huko. Watoto wa kuvivaa sikuwafikiria hata kidogo, nisijisifu, lakini vitaondolewa.

Nami watanifuata. Waje. Watanikuta nimekaa uani kwenye kiti cha magurudumu cha Tajiri, amekisahau.

Usidhani nimekuwa mtu mwema uzeeni. Mtu mwema angesema kweli siku yule mwanamke alipokuja mlangoni. Mimi nilimtukana. Na mtu mwema asingemdanganya mtoto wa dada yake, aliyemfundisha kushika kisu. Mimi nimekudanganya, na nimefurahi, na hiyo furaha bado haijaisha ninavyosema hivi.

Nilitaka nikupe nafasi. Nilitaka nikuambie, kimbia, mpigie mkeo kabla mashine haijasema, umweleze wewe mwenyewe, huenda akakuhesabia wema huo. Ungekuwa na siku chache. Lakini utakuwa umeona mwandiko huu umenyooka kuliko wangu. Kile kipande kilinila viganja polepole, sasa vimepasuka hadi kalamu inateleza kwenye damu, ikabidi nivuke barabara kuomba mtu aniandikie. Nilimweleza yote kabla hatujaanza. Alinisikiliza bila kukatiza, akafuta sindano yake, akaniuliza kama nina karatasi au atumie yake.

Nakuaga, mpwa wangu. Jilinde na baridi.

Mjomba.

Nimeandika kama alivyotamka, sikuongeza neno. Kabla ya kuifunga nimempigia binti yangu simu, nimemsomea yote, kuanzia juu hadi hapa. Amesema nisome polepole, kwa sababu wakili wake yuko pembeni yake anaandika.

Mkwe wako, fundi cherehani.